Fulusi za Wayunani: Sarafu za Shaba za Kale na Daftari la Mkusanyaji

Mswahili anapotaja dirhamu, dinari na fulusi, anataja maneno matatu yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu. Lakini Waarabu nao waliyapokea kutoka kwa jirani zao wa kaskazini. Dirhamu imetokana na drakma, kipimo cha uzito na sarafu ya fedha ya Wayunani, ambao leo tunawaita Wagiriki. Dinari ni denario ya Warumi, iliyofika Sham kwa matamshi ya Kiyunani. Na fulusi, ambayo kwa Kiarabu ni wingi wa fals, imetokana na folis, sarafu ya shaba ya dola ya Rumi ya Mashariki, iliyokuwa ikiandikwa na kuhesabiwa kwa Kiyunani. Kwa hiyo mtu anayelalamika Forodhani au Kariakoo kwamba hana fulusi anatumia neno lenye safari ndefu nyuma yake.

Makala haya yanaeleza sarafu za shaba za Wayunani: zilianzaje, zilitengenezwaje, zinasomwaje, na zina uhusiano gani na pwani yetu. Yameandikwa kwa kuwafikiria hasa wasomaji wetu walioko Fort Worth, Dallas na Houston, kwa sababu huko sarafu hizi si jambo la makumbusho peke yake. Zinauzwa minadani na kwenye maonyesho ya sarafu, na iliyo ya kawaida kabisa yaweza kununuliwa kwa gharama ya chakula cha familia hotelini. Anayenunua kitu cha umri wa miaka 2,200 kwa bei hiyo anapaswa kujua anachokishika, na anapaswa kujua pia anachoweza kukiharibu.

Kwa nini shaba

Sarafu za kwanza zilipigwa Lydia, magharibi mwa nchi ambayo sasa ni Uturuki, katika karne ya 7 KK. Zilikuwa za mchanganyiko wa asili wa dhahabu na fedha. Miji ya Wayunani iliiga, na kwa muda mrefu ilipendelea fedha tupu. Sababu ilikuwa ya wazi: thamani ya sarafu ilikuwa ni thamani ya madini yaliyomo. Aliyeshika drakma alishika kiasi fulani cha fedha, na popote alipokwenda fedha ile ilipimwa kwa mizani ikakubaliwa.

Shida ilikuwa kwenye matumizi madogo. Mtu hawezi kununua fungu la mboga au samaki wawili kwa sarafu kubwa ya fedha. Wayunani walijaribu kupiga vipande vidogo. Oboli, ambayo ni sehemu ya sita ya drakma, ilikuwa na uzito wa takriban gramu 0.7 huko Athens, na kulikuwa na vipande vidogo kuliko hivyo. Wanunuzi walivibeba mdomoni wakienda sokoni ili visipotee. Hapo ndipo shaba ilipoingia.

Sarafu za shaba zilianza kuenea katika karne ya 5 KK, hasa Sisilia na kusini mwa Italia. Huko Olbia, mji wa Wayunani kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, watu walitumia vipande vya shaba vilivyomiminwa katika umbo la pomboo. Athens ilichelewa. Mwishoni mwa vita vyake na Sparta, ilipokatiwa njia ya machimbo yake ya fedha, ilitoa sarafu za shaba zilizopakwa fedha juu, na mwaka 405 KK Aristophanes, mwandishi wa tamthilia za kuchekesha, akazikejeli jukwaani mbele ya wananchi. Hata hivyo katika karne ya 4 KK Athens nayo ilikubali shaba kuwa sarafu ya kila siku. Sarafu ndogo iliitwa kalko, maana yake shaba, na kalko 8 zilifanya oboli moja.

Jambo kubwa hapa ni kwamba shaba ilibadili maana ya sarafu. Kalko haikuwa na shaba yenye thamani sawa na ile iliyotangazwa. Ilikubaliwa kwa sababu mji ulisema itakubaliwa. Nje ya mipaka ya mji huo haikuwa na kazi kubwa. Ndiyo maana sarafu za fedha za Athens zenye picha ya bundi zilisafiri hadi Misri, Sham na Bara Arabu, ambako wafalme wa kusini waliziiga, lakini shaba ya mji mdogo kwa kawaida ilibaki karibu na ilikopigwa. Mwanahistoria anayetafuta maisha ya muuza samaki, baharia na askari wa kawaida huyatafuta kwenye shaba. Fedha na dhahabu humweleza zaidi habari za kodi, mishahara ya majeshi na hazina za wafalme.

Jinsi zilivyopigwa na zinavyosomwa

Madini yenyewe kwa kawaida hayakuwa shaba tupu. Yalikuwa shaba iliyochanganywa na bati, na mara nyingi risasi pia, ambayo huyeyuka upesi na kumiminika vizuri. Fundi alimimina madini kwenye kalibu kupata vipande vya mviringo. Kipande kilipashwa moto, kikawekwa juu ya chapa iliyochimbiwa kwenye fuawe, na chapa ya pili ikashikiliwa juu yake na kupigwa nyundo. Kwa kuwa kila kipande kilipigwa kwa mkono, hakuna sarafu mbili zinazofanana kabisa. Picha yaweza kuwa imeenda upande, ukingo waweza kupasuka, na chapa iliyochakaa huacha uso usio wazi.

Anayeanza kuzisoma aangalie mambo manne. La kwanza ni uso wa mbele, ambao aghalabu una kichwa cha mungu au mfalme. La pili ni uso wa nyuma, wenye alama ya mji au ya mungu huyo. La tatu ni maandishi. Wayunani hawakuandika jina la mji peke yake. Kwa kawaida waliandika jina la watu wake katika hali ya umilikaji, kwamba sarafu ni “ya Wasyracuse” au “ya Waefeso”, na wafalme waliandika “ya mfalme fulani”. Msomaji wa Kiswahili hapati tabu kulielewa hilo, maana kiunganishi chetu cha umilikaji kinafanya kazi ileile. La nne ni alama ndogo pembeni, mara nyingi herufi mbili tatu zilizosukwa pamoja, zinazohusishwa na ofisa aliyesimamia kazi au karakana iliyoipiga.

Wakazi wa Fort Worth wana mfano wa alama hizo mifukoni mwao. Tangu mwaka 1991 mji wao una kiwanda cha serikali ya Marekani cha kuchapisha noti, na noti iliyochapwa huko ina herufi ndogo FW, ambazo hazimo katika noti zilizochapwa Washington. Mtumiaji hana haja nazo, lakini mkaguzi akiziona hujua kazi ilifanyika wapi. Herufi zilizosukwa kwenye shaba ya Makedonia zilifanya kazi ya aina hiyo.

Mifano michache itasaidia. Shaba za Alexander wa Makedonia, ambaye Waarabu humwita Iskandar, zina kichwa cha Herakles aliyevaa ngozi ya simba, na nyuma zina rungu na upinde ulio ndani ya ala yake. Shaba za baba yake, Philip wa 2, zina kichwa cha Apollo na kijana aliyepanda farasi. Huko Syracuse, Hieron wa 2, aliyetawala kwa zaidi ya miaka 50 katika karne ya 3 KK, alitoa shaba nyingi zenye kichwa cha Poseidon, mungu wa bahari, na mkuki wa meno matatu wenye pomboo pembeni. Hizi ni miongoni mwa sarafu zinazopatikana kwa wingi zaidi sokoni, na si ghali.

Misri ya kina Ptolemy na njia ya ndovu

Baada ya kufa Alexander mwaka 323 KK, jemadari wake Ptolemy aliichukua Misri, na kizazi chake kiliitawala hadi mwaka 30 KK. Wafalme hawa waliipa shaba cheo ambacho haikuwahi kuwa nacho. Katika karne ya 3 KK, wakati wa Ptolemy wa 2 na Ptolemy wa 3, walipiga sarafu kubwa mno za shaba. Nyingine zina upana wa zaidi ya milimita 40 na uzito wa gramu 70 hivi. Mbele kuna kichwa cha Zeus Ammon mwenye pembe za kondoo dume, nyuma kuna tai aliyesimama juu ya radi. Katikati ya pande zote mbili mara nyingi kuna kitundu kidogo kisichotoboka, ambacho hudhaniwa kuwa alama ya kazi ya kusawazisha uso wa kipande kabla ya kupigwa.

Misri ya wakati huo ilifungia fedha za kigeni nje. Mfanyabiashara aliyeingia Iskandariya alilazimika kubadilisha sarafu zake kwa za mfalme. Ndani ya nchi, kodi nyingi ndogo, ujira na manunuzi vilihesabiwa kwa shaba.

Kina Ptolemy wanatuhusu kwa sababu nyingine. Walihitaji ndovu wa vita kushindana na wapinzani wao wa Sham waliopata ndovu kutoka India. Ptolemy wa 2 alituma misafara ya kuwinda ndovu kando ya Bahari ya Shamu na akaanzisha kituo kilichoitwa Ptolemais ya Mawindo. Kwa misafara hiyo mabaharia wanaosema Kiyunani walisogea kusini hatua kwa hatua. Kufikia katikati ya karne ya 1 BK, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kiyunani mwongozo wa bahari uitwao Periplus ya Bahari ya Eritrea, unaoieleza pwani ya Azania hadi soko la Rhapta, ambalo wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania.

Msomaji wa Periplus azingatie orodha za bidhaa. Kwa baadhi ya bandari za kaskazini, mwandishi anataja kwamba sarafu hupelekwa. Kwa Rhapta anataja mikuki iliyotengenezwa Muza huko Yemen, mashoka, visu na vyombo vya kioo, pamoja na mvinyo na ngano za kuwakirimu wenyeji. Kutoka huko zilitoka pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Sarafu hazimo katika orodha hiyo. Jambo hilo tutalihitaji mbele kidogo.

Aksum: Kiyunani kwenye shaba ya Afrika

Mkusanyaji anayetaka shaba yenye maandishi ya Kiyunani iliyopigwa Afrika upande wa kwetu hana haja ya kuishia Misri. Ufalme wa Aksum, katika nchi ambazo leo ni Ethiopia na Eritrea, ulianza kupiga sarafu katika nusu ya pili ya karne ya 3 BK, wakati wa mfalme Endubis. Ulipiga dhahabu, fedha na shaba. Sarafu za mwanzo ziliandikwa Kiyunani, lugha ya biashara ya Bahari ya Shamu; baadaye Kige'ez kiliingia kwenye fedha na shaba zilizotumika nyumbani, na Kiyunani kikabaki kwenye dhahabu iliyokwenda nje.

Katika karne ya 4, mfalme Ezana aliposilimu kwa dini ya Kikristo, alama ya mwezi mchanga na duara iliondolewa kwenye sarafu na msalaba ukachukua nafasi yake. Kuna shaba ndogo za wakati huo zisizo na jina la mfalme, zenye maneno ya Kiyunani yenye maana ya “na hili liipendeze nchi”. Maneno ya namna hiyo ya kuwahutubia watu kwenye sarafu ndogo kabisa ni nadra katika zama za kale. Baadhi ya shaba na fedha za Aksum zilitiwa dhahabu kidogo katika alama ya katikati, kazi ya ufundi ambayo ni vigumu kuikuta kwingine.

Kutoka folis hadi fulusi, na hadi Kilwa

Mwaka 498 BK mfalme Anastasius wa Rumi ya Mashariki alitoa sarafu kubwa ya shaba yenye herufi M. Kwa Wayunani herufi zilikuwa pia tarakimu, na M ilikuwa 40, yaani sarafu moja ilikuwa na thamani ya vipande vidogo 40. Hiyo ndiyo folis. Waislamu walipoiteka Sham katika karne ya 7 hawakuzifuta sarafu hizo siku ya kwanza. Waliendelea kuzitumia, kisha miji kama Dimashki, Hims na Tabaria ikapiga zake kwa sura ileile, na M yake, huku maandishi ya Kiarabu yakiongezwa. Zipo shaba ambazo jina la mji limeandikwa kwa Kiyunani na Kiarabu pamoja.

Khalifa Abd al-Malik alibadili mambo. Mwaka 77 Hijria alitoa dinari isiyo na picha, yenye maneno matupu, na dirhamu ikafuata mwaka 79. Tangu hapo sarafu ya Kiislamu kwa kawaida ikawa ni ya kusomwa badala ya kutazamwa.

Masultani wa Kilwa waliishika njia hiyo. Sarafu zao nyingi ni za shaba, ndogo, zenye jina la sultani upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, yaliyotungwa ili vina vya pande mbili vioane. Ni sarafu zenye ushairi ndani yake. Mfano maarufu ni za al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala Kilwa alipofika Ibn Battuta mwaka 1331. Zilitumika sana Kilwa na Mafia. Moja ya sultani huyo imepatikana mbali huko Zimbabwe Kuu, na tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia. Picha ilirudi baadaye, kwa adabu: pesa za shaba za Sayyid Barghash za mwaka 1299 Hijria zina picha ya mizani.

Mafunzo mawili: Bur Gao na Mtambwe Mkuu

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Shaba ya kale ina thamani mbili. Ya kwanza ni ile anayolipa mnunuzi. Ya pili ni habari iliyobebwa na mahali ilipopatikana: tabaka gani la udongo, ndani ya chombo gani, pamoja na vitu gani. Thamani ya kwanza yaweza kuongezeka kila mwaka. Ya pili hupotea mara moja sarafu inapong'olewa mahali pake bila kuandikwa, na haiwezi kurudishwa.

Mwaka 1912, katika bandari ya Bur Gao, ambayo zamani iliitwa Port Durnford na leo iko kusini mwa Somalia karibu na mpaka wa Kenya, Kapteni Haywood alisema amepata sarafu nyingi za kale. Ndani yake zilikuwamo shaba za kina Ptolemy, sarafu za Rumi hadi karne ya 4 BK, na pia za Wamamluki wa Misri na za Waturuki. Harold Mattingly wa Makumbusho ya Uingereza alizichapisha mwaka 1932. Zingekuwa ushahidi mkubwa: shaba za Iskandariya katika pwani ya Waswahili, miaka 200 kabla ya Periplus.

Lakini hazikuchimbwa na mtaalamu, hazikuchorwa mahali zilipolala, na habari zake zilichapishwa miaka mingi baada ya kupatikana. Mchanganyiko wa Ptolemy na Waturuki katika kundi moja ni wa ajabu: sarafu za mwanzo na za mwisho zimepishana kwa zaidi ya miaka 1,500. Neville Chittick alipoichunguza pwani ile mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuona mabaki ya zama za kina Ptolemy. Wataalamu wengi sasa wanashuku kwamba ni mkusanyo ulioletwa na mtu kutoka Misri katika zama za karibu. Tukikumbuka pia kwamba Periplus haitaji sarafu kwa Rhapta, shaka inazidi. Huenda baadhi ya shaba hizo zilifika zamani kweli. Hakuna tena njia ya kuzitenga. Kwa historia yetu, ushahidi wa Bur Gao umekuwa kama shahidi aliyefika mahakamani bila kujulikana alikotoka.

Linganisha na Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo kando ya Pemba. Mwaka 1984 Mark Horton na wenzake walipata huko akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za nchi za nje. Sarafu za pwani hazina tarehe. Dinari zina tarehe, na ya mwisho ni ya mwaka 1066 BK. Kwa kuwa zilikuwa pamoja, na kwa kuwa jambo hilo liliandikwa, dinari ziliweza kuzitolea ushahidi zile za fedha. Miongoni mwa majina ya fedha limo la Ali bin al-Hasan. Chittick alikuwa amemweka Ali bin al-Hasan wa Kilwa karibu na mwaka 1200. Baada ya Mtambwe Mkuu, wanahistoria wengi wamemrudisha nyuma hadi karne ya 11. Zaidi ya karne moja ya historia ya pwani ilisogea kwa sababu ya sarafu ambazo nyingi zake, kila moja peke yake, sonara asingetoa kitu kikubwa kuzinunua.

Fikiria kama mvuvi au mwindaji wa hazina angeikuta akiba ile kwanza. Dhahabu ingeyeyushwa au kuuzwa mjini. Fedha zingetawanyika kwa wanunuzi kumi, kila mmoja akijivunia yake. Sarafu zote zingekuwa bado zipo duniani, na historia isingekuwepo.

Hata mtu asiye mtaalamu aweza kuokoa habari hiyo. Zile sarafu tano za Kilwa huko Australia ziliokotwa na askari. Aliziweka kwa miaka mingi, kisha alipozipeleka kwa wataalamu mwaka 1979 alikuwa na ramani aliyoitia alama ya mahali pale. Bado watu wanabishana zilifikaje, lakini angalau wanajua waanzie wapi kutafuta.

Kununua ukiwa Texas

Mkazi wa Fort Worth ana bahati. Makumbusho ya Kimbell, yaliyofunguliwa mwaka 1972, yana kazi za Wayunani, kikiwamo kikombe cha udongo kilichochorwa na Douris karibu na mwaka 480 KK, na mkusanyo wake wa kudumu hutazamwa bila malipo. Kwa anayetaka kuzoeza jicho kwa umbo la nguo, farasi na nyuso za Kiyunani, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia kabla ya kutoa senti. Dallas kuna Heritage Auctions, nyumba kubwa ya minada iliyoanzishwa mwaka 1976, ambayo huuza sarafu za kale pia.

Mji huohuo wa Dallas umetoa somo la asili ya vitu. Mwaka 2012 Dallas Museum of Art iliirudishia Uturuki picha ya vijiwe vya rangi ya Orpheus akiwatuliza wanyama, baada ya kuonekana kwamba ilikuwa imetolewa kwa magendo karibu na Edessa ya kale. Ikiwa taasisi yenye wataalamu inaweza kununua kitu cha namna hiyo hadharani mnadani, mnunuzi wa kawaida anapaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Sheria nayo ipo. Chini ya makubaliano yanayofuata Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970, Marekani imezuia kuingizwa kwa aina fulani za sarafu za kale bila hati: za Cyprus tangu 2007, za Italia na Ugiriki tangu 2011, na za Misri tangu 2016. Anayeagiza kutoka nje lazima awe na kibali cha nchi husika, au uthibitisho kwamba sarafu ilikuwa nje ya nchi hiyo kabla ya zuio kuanza. Kwa hiyo tai wa Ptolemy anayetumwa kwa posta bila karatasi aweza kuishia kwenye meza ya forodha.

Kwa vitu vya kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Sarafu ya Kilwa iliyookotwa ufukweni na kutiwa mfukoni kama zawadi ya shangazi aliyeko Houston imevunja sheria, hata kama nia ilikuwa ni mapenzi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 zilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kila shaba inayobaki mahali pake ni sehemu ya ulinzi huo.

Unapofikiria kununua, muulize muuzaji maswali matatu. Sarafu hii ilikuwa kwa nani kabla yako? Tangu mwaka gani inajulikana? Je, kuna picha yake katika orodha ya mnada wa zamani au risiti? Muuzaji mwema hachukii maswali hayo. Akikujibu kwamba imetoka “mkusanyo wa zamani” bila jina, mwaka wala karatasi, huna jibu mkononi. Wauzaji wanaotoa mfuko wa shaba zenye udongo bado ndani yake, kwa bei ya jumla, wanauza kitu kilichong'olewa ardhini si muda mrefu. Iache.

Utunzaji na daftari

Shaba ya kale ina ngozi yake, kutu ngumu ya kijani, kahawia au nyeusi iliyojengeka kwa karne nyingi. Ngozi hiyo huilinda sarafu na kushika picha. Watu wa pwani tunajua kusugua sinia na deli za shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu hadi zing'ae. Usifanye hivyo kwa sarafu. Asidi huila ile ngozi, na picha huondoka nayo. Adui mwingine ni ugonjwa wa shaba: unga laini wa kijani mpauko unaotokana na chumvi ya kloridi ikikutana na unyevu. Ukiuona, itenge sarafu hiyo na nyingine, iweke pakavu, na utafute ushauri wa mhifadhi. Hali ya hewa ya Houston, kama ya Zanzibar, ina unyevu mwingi. Chombo kinachofungwa vizuri chenye vifuko vya kufyonza unyevu ni kinga ya bei nafuu. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, maana nyingine hutoa kemikali zinazoshika shaba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mkusanyaji wa sarafu msemo huu una maana yake halisi. Kwa kila sarafu andika uzito kwa gramu hadi nukta mbili, upana kwa milimita, na uelekeo wa uso wa nyuma ukilinganisha na wa mbele, kama mshale wa saa. Piga picha pande zote mbili. Nakili maandishi kama yalivyo, hata yakiwa herufi tatu tu. Kisha andika uliinunua kwa nani, lini, kwa bei gani, na yote aliyokwambia kuhusu inakotoka, ukitenganisha aliyoonyesha kwa karatasi na aliyosema kwa mdomo. Hifadhi risiti na bahasha ya zamani, hata ikiwa imechakaa, kwa sababu mwandiko wa mmiliki wa kwanza ni sehemu ya ushahidi. Waonyeshe watoto daftari lilipo. Sarafu nyingi zimepoteza historia yake siku mwenyewe alipofariki na warithi wakamimina visanduku vyote katika mfuko mmoja.

Na ukiwa likizo Kilwa, Mafia, Pemba au Lamu, ukaiona shaba ndogo ikichungulia mchangani baada ya maji kutoka, usiibebe. Ipige picha ilipo pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, andika mahali na tarehe, kisha uwajulishe Idara ya Mambo ya Kale au makumbusho ya eneo. Nakala ya picha itakutosha kurudi nayo Texas. Sarafu itawatosha wanaotafuta kujua ni nani aliyenunua nini hapo, na kutoka kwa nani.